Nyumba 24 za ramani moja na ratiba imekwama: dalili, chanzo na tiba

Mradi wa nyumba nyingi za ramani moja una ugonjwa wake. Nyumba moja ikichelewa, unajua kilichoichelewesha. Zikichelewa 24, kila fundi anamnyooshea kidole mwenzake, na mara nyingi wote wanasema kweli: fundi paa hana boma la kupaua, mwashi hana tofali, mfyatua tofali hana saruji. Ukiipima kila timu peke yake utaikuta inafanya kazi. Tatizo liko katikati ya timu na timu, pale nyumba inapotoka mkononi mwa huyu kwenda kwa yule. Hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Tutatumia mfano mmoja: nyumba 24 za chini, vyumba viwili na sebule, kuta za tofali za saruji za inchi 6, kenchi za mbao na bati, ukanda wa pwani ya Tanzania. Wiki ya kazi ni siku 6. Kila nyumba inapitiwa na timu saba, na siku za kazi kwa nyumba moja ni hizi: msingi na jamvi (zege la sakafu) siku 4, boma (kuta tupu) na lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) siku 5, paa siku 3, mabomba na nyaya siku 2, lipu siku 6, sakafu na vigae siku 4, umaliziaji siku 5. Jumla siku 29. Hizi ni namba za mfano. Weka zako, hesabu zibaki zile zile.

Kwanza chora mistari

Usianze kutibu kabla ya kuchora. Chukua karatasi ya miraba: chini andika siku, kando andika namba za nyumba kuanzia 1 hadi 24. Kila timu iwe na rangi yake. Weka nukta siku timu ilipomaliza nyumba, kisha unganisha nukta. Timu yenye kasi mstari wake unapanda kwa ukali, ya polepole unalala.

Weka siku ya kumaliza. Siku ya kuanza inadanganya, kwa sababu kuanza ni rahisi: vibarua wawili na sepetu, tayari msingi wa nyumba ya 17 "umeanza".

Mistari miwili inayokaribiana inakuambia kuna timu itasubiri karibuni. Inayoachana inakuambia nyumba zinalala bila mtu. Mstari uliolala kabisa ni timu iliyosimama, hata kama watu wake wanaonekana saiti. Ratiba ya pau, ile yenye mstari mnene mmoja kwa kila kazi, haikuonyeshi haya. Nyumba 24 kwa timu 7 ni pau 168 ukutani, na hakuna jicho linalozisoma. Njia ya mistari ilianzia viwandani Marekani miaka ya 1940, katika kampuni ya Goodyear, kisha Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo likaichukua. Kiwandani bidhaa hupita mbele ya mafundi. Saiti ni kinyume, mafundi ndio wanaopita mbele ya nyumba, na ndiyo maana mwendo wa timu ni jambo la kwanza kulipima.

Dalili: timu ya paa imekaa kivulini, na siku inalipwa

Chanzo chake karibu kila mara ni kuiita mapema timu yenye kasi kuliko ile iliyo mbele yake.

Twende na namba. Timu moja ya boma inatoa nyumba kila siku 5. Timu ya paa inahitaji siku 3. (Siku za zege kukomaa tuziache kwa sasa, tutazirudia.) Boma la kwanza limesimama siku ya 5, msimamizi anamwita fundi paa siku ya 6 na anajiona ameokoa muda. Lakini kila nyumba fundi paa atamaliza siku 2 kabla boma linalofuata halijawa tayari. Nyumba 23 zinazofuata mara siku 2 ni siku 46 za kukaa. Boma la 24 linakwisha siku ya 120, kwa hiyo paa la mwisho litakwisha siku ya 123, umwite fundi siku ya 6 au ya 52. Siku 46 zimelipwa, na mradi haukusogea hata siku moja.

Kanuni ni hii. Timu ya nyuma (inayofuata) ikiwa na kasi kuliko ya mbele (inayotangulia), pigia hesabu kutoka nyumba ya mwisho kurudi ya kwanza: siku 120 toa nyumba 23 mara siku 3, unapata 51. Paa lianze baada ya siku ya 51. Timu ya nyuma ikiwa ya polepole, pigia hesabu kutoka nyumba ya kwanza. Mwite mara nyumba hiyo inapokuwa tayari.

Kuchelewesha timu ya paa kunaokoa ujira wake, ila kuna gharama upande wa pili: paa la kwanza litakwisha siku ya 54 badala ya siku ya 8, na fundi bomba, fundi umeme na fundi lipu wote wanasogea. Kwa hiyo dawa halisi haiko kwa fundi paa. Iko kwenye boma. Weka timu mbili za boma: kila siku 5 zinatoa maboma 2, yote 24 yanakwisha siku ya 60. Paa linaanza siku ya 6, linafanya kazi siku 72 mfululizo bila kukaa, linakwisha siku ya 77. Zile siku 46 zimerudi zote.

Tunasema timu mbili katika nyumba mbili, wala si timu moja iliyojazwa watu katika nyumba moja. Nyumba ndogo ina pembe chache. Waashi wanane wakibanana humo wanagombea kamba na jukwaa. Timu ya kwanza ichukue nyumba za namba witiri na ya pili za shufwa, ili wawe jirani, kizimba cha udongo wa saruji kiwe kimoja, na timu ya paa isihame kutoka mwisho mmoja wa saiti hadi mwingine. Mgawo huo pia unakuonyesha kazi ya nani ina kasoro.

Dalili: nyumba 18 zimefunguliwa, 2 zimekabidhiwa

Hapa saiti inapendeza kwa mgeni. Misingi imejaa, kuta ziko juu, vibarua kila kona. Lakini funguo hazitoki.

Hesabu yake ni fupi: idadi ya nyumba zilizo wazi, gawanya kwa nyumba zinazokabidhiwa kwa wiki, unapata muda ambao kila nyumba inakaa saiti. Nyumba 18 wazi na moja kwa wiki inatoka, maana yake kila nyumba inakaa wiki 18. Kazi yenyewe ni siku 29, haifiki wiki 5. Wiki 13 zilizobaki nyumba iko peke yake, inasubiri.

Kwa nini watu wanafungua? Kwa sababu hati ya malipo ya msingi inakuja mapema na ina fedha nzuri, na kwa sababu timu ya msingi ikimaliza nyumba moja hakuna anayethubutu kuisimamisha. Madhara ni haya: fedha imelala ardhini, ncha za nondo zinashika kutu, jamvi linageuka mahali pa kuchanganyia udongo wa saruji, tofali zinaibwa. Baya kuliko yote ni kosa kujirudia. Chukua upana wa uwazi wa mlango. Mwashi akikosea milimita 50 katika nyumba ya kwanza, kosa litaonekana siku fremu inaletwa. Kama fremu inaletwa wakati maboma 18 yamesimama, una milango ya kubomoa na kukata upya katika nyumba 18. Kama nyumba ya kwanza ilipelekwa mpaka rangi kabla ya kufungua ya sita, una nyumba tano za kurekebisha, na pengine nne kati yake hazijafika usawa wa lenta.

Tiba ni kuweka kikomo. Tuseme unataka mwendo wa nyumba moja kila siku 3 za kazi. Siku 29 gawanya kwa 3 ni kama nyumba 10 zilizo mikononi mwa watu. Ongeza nyumba 4 za akiba kati ya timu na za kusubiri zege. Kikomo ni 14. Ya 15 haifunguliwi mpaka moja ikabidhiwe. Timu ya msingi ikibaki bila kazi, ipeleke kwenye mashimo ya maji taka, mitaro na njia, au kufyatua tofali. Kuwapa kazi hiyo ni nafuu kuliko kuwaacha wafungue nyumba ya 19.

Dalili: kwa wastani kila timu inatosha, lakini nyumba hazitoki kwa wastani huo

Hii ndiyo inayowachanganya hata wahandisi wazuri. Timu ya msingi inatoa wastani wa nyumba 2 kwa wiki. Ya boma nayo ina uwezo wa wastani wa 2. Kwenye karatasi zinalingana, saiti hazilingani.

Angalia wiki kwa wiki. Msingi unatoa 1, 3, 1, 3, 1, 3 katika wiki sita: jumla 12. Boma linaanza wiki ya pili, uwezo wake ni 3, 1, 3, 1, 3, 1: nao jumla 12. Wiki ya pili boma lina uwezo wa nyumba 3 lakini misingi iliyo tayari ni 1, kwa hiyo linafanya 1. Wiki ya tatu misingi iko 3, lakini uwezo ni 1. Wiki ya nne 3, ya tano 1, ya sita 3, ya saba 1. Jumla maboma 10. Uwezo wa nyumba 2 uliopotea wiki ya pili haurudi, kwa sababu huwezi kuweka nguvu za mwashi stoo kama saruji. Wiki nzuri ya timu ya nyuma haiwezi kufidia wiki mbaya ya timu ya mbele isipokuwa kuna nyumba zilizokaa tayari katikati yao.

Sasa ichelewe timu ya boma wiki moja, ianze wiki ya tatu ikiwa misingi 4 iko tayari. Uwezo ni ule ule, 3, 1, 3, 1, 3, 1, na safari hii inajenga yote 12 bila kukosa nafasi hata wiki moja, inamaliza wiki ya 8. Ile iliyoanza mapema nayo inamaliza wiki ya 8, kwa kuwa inabaki na nyumba 2 za kumalizia. Tofauti ni kwamba imelipwa wiki 7 na hii wiki 6. Katika mradi wenye timu saba zinazofuatana, upotevu huo unajirudia kila pale timu moja inapokabidhi nyingine, na timu ya mwisho, ya rangi, ndiyo inayobeba mtikisiko wa wote.

Kwa hiyo akiba kati ya timu ipangwe kwa nyumba, isipangwe kwa siku. "Siku 5 za akiba" hazionekani na kila mtu atazila. "Misingi miwili iliyokomaa na kukubaliwa" unaihesabu kwa macho asubuhi ukipita. Pale mwendo unapoyumba kidogo, mfano kati ya mabomba na lipu, nyumba 1 inatosha. Mbele ya boma na mbele ya lipu weka 2, pengine 3. Zaidi ya hapo unarudi kwenye ugonjwa wa nyumba 18.

Na ukiweza kupunguza kuyumba kwenyewe, fanya hivyo kabla ya kuongeza akiba. Timu inayotoa 2, 2, 2 ni bora kuliko inayotoa 4, 0, 2, ingawa wastani ni mmoja.

Dalili: kila kazi ilipewa siku za ziada, na zote zimeliwa

Mafundi walisema boma ni siku 5, mpangaji akaandika 7 "kwa usalama". Boma likachukua 7. Kazi hujinyoosha kujaza muda uliopewa, na nyumba iliyokwisha siku ya 4 haikutangazwa kwa sababu timu inayofuata ilikuwa imeambiwa siku ya 7.

Chanzo cha ndani ni kukadiria kwa namba moja. Muulize fundi maswali matatu. Mambo yakinyooka kabisa? Siku 4. Mara nyingi? Siku 5. Ukiwa na mkosi, tofali zimekwisha na mtu anaumwa? Siku 12. Kanuni iliyoingia kazini na Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 1958 inasema: jumlisha ya kwanza, ya kati mara nne, na ya mwisho, kisha gawanya kwa 6. Hapa ni 4 + 20 + 12, yaani 36, gawanya kwa 6: siku 6. Angalia kwamba wastani si 5. Ubaya wa ujenzi una nafasi kubwa ya kurefuka kuliko uzuri wake. Aliyepanga nyumba 24 kwa siku 5 amepanga siku 120 kwa kazi ambayo wastani wake ni 144, na amechelewa siku 24 kabla jembe halijagusa udongo.

Mtawanyiko wa nyumba moja ni 12 toa 4, gawanya kwa 6: kama siku 1.33. Kwa nyumba 24 usizidishe kwa 24. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha 24 (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 24), ambacho ni kama 4.9: unapata siku 6.5. Siku 144 jumlisha 6.5 ni kama 151, na nafasi ya kumaliza ndani yake ni takriban 84 kwa 100. Linganisha na yule wa siku 7 kila nyumba: 168. Akiba iliyowekwa pamoja mwishoni imeokoa siku 17, kwa sababu nyumba iliyokwenda vizuri inaifidia iliyokwenda vibaya.

Hapa kuna mtego ambao vitabu vingi vinaupita haraka. Hesabu ya kipeuo inafaa kama matatizo ya nyumba hayahusiani: huyu ameumwa, pale kuna mwamba, kule tofali zimepasuka. Mvua hainyeshei nyumba ya 9 peke yake. Malipo yakichelewa yanachelewa kwa wote. Matatizo ya aina hiyo hayafidiani, yanajumlishana, na akiba yake ihesabiwe kando. Ukiyachanganya, akiba yako itaonekana nono karatasini na itakwisha katika masika ya kwanza.

Ukishafikia nyumba ya kumi, achana na makadirio. Panga siku za kumi hizo kutoka ndogo hadi kubwa: 4, 5, 5, 5, 5, 6, 6, 7, 8, 12. Wastani ni 6.3, siku ambayo nyumba nane kati ya kumi hazikuivuka ni 7. Ahidi kwa namba hizo. Na ichunguze ile ya 12 peke yake, ina sababu inayotajika.

Dalili: waashi wapo, tofali zipo, lenta hazisogei

Hesabu mirunda, zile nguzo za kushikilia zege mpaka likomae.

Lenta ya nyumba ya chini inakaa juu ya ukuta, inahitaji kushikiliwa chini penye milango na madirisha tu. Mbao za pembeni zinatoka kesho yake na kwenda nyumba inayofuata. Seti moja au mbili zinatosha mradi mzima. Mbao za chini na mirunda ni habari nyingine. Kiwango cha zege cha Uingereza cha BS 8110, kilichoondolewa rasmi huko mwaka 2010, kilitaka, kwa saruji ya kawaida na joto la nyuzi 16 au zaidi, mbao za chini ya boriti zikae siku 10 na nguzo zake siku 14. Mhandisi wako ndiye mwenye neno la mwisho, lakini tuseme 14. Ongeza siku 2 za kufunga na 1 ya kufungua: seti inazunguka kwa siku 17.

Kuwa makini hapa: hizo 17 ni siku za kalenda, kwa kuwa zege linakomaa Jumapili pia. Mwendo wa siku 3 za kazi ni siku 3.5 za kalenda. 17 gawanya kwa 3.5 ni 4.9, kwa hiyo unahitaji seti 5. Saiti nyingi zina 2. Kwa seti 2 lenta haiwezi kutoka haraka kuliko moja kila siku 8.5, hata ukileta waashi wa mkoa mzima. Kinachofuata mnakijua: fundi anang'oa mirunda siku ya 5 ili asikae bure, na ufa mwembamba unaonekana katikati ya dirisha la sebule miezi miwili baadaye, juu ya lipu mpya. Mirunda ya nyumba tatu zaidi ni bei ndogo mno kulinganisha na ufa huo.

Hesabu hiyo hiyo itumie kwa majukwaa, mashine ya kuchanganyia zege na kila kinachozunguka.

Dalili: timu zote zimepungua mwendo wiki moja

Mstari mmoja ukilala, tafuta ndani ya timu. Yote ikilala pamoja, usimgombeze fundi yeyote. Tafuta kile wanachokula wote.

Anza na tofali. Ukuta wa mita za mraba 150 kwa nyumba, tofali kama 10 kwa mita, ni tofali 1,500. Kwa mwendo wa siku 3 unahitaji 500 kwa siku. Ongeza 5 kwa 100 za kuvunjika, fyatua 525. Tofali ikifyatuliwa leo imwagiliwe maji siku 7 na ikae mpaka siku 14 kabla ya kupanda ukutani, yaani siku 12 za kazi. 12 mara 500 ni tofali 6,000 zinazopaswa kuwa uwanjani kila siku, zimepangwa kwa tarehe. Ukihesabu uwanjani ukakuta 2,000, waashi wako wanajenga kwa tofali za siku nne. Kwaruza pembe kwa msumari: ikimomonyoka kama sukari guru, ndiyo hiyo. Uwanja wa tofali uanze zaidi ya wiki mbili kabla ya boma la kwanza.

Saruji: matumizi ya siku moja mara idadi ya siku nyingi kabisa ambazo mzigo uliwahi kuchelewa. Wastani wa kuchelewa haukusaidii. Tofali 525 kwa mfuko mmoja kila tofali 30 ni mifuko 17 na nusu kwa siku kwa uwanja peke yake. Mwishoni mwa 2021 madarasa 15,000 yalijengwa Tanzania kwa mkupuo kwa fedha za UVIKO-19, na kila halmashauri ilihitaji saruji, bati na mafundi wale wale miezi ile ile. Mradi wako unaweza kuwa mdogo na bado ukagombea soko na miradi ya wengine. Uliza nini kinajengwa wilayani kabla ya kuweka akiba ya stoo.

Malipo yapange kama kazi nyingine kwenye karatasi ya miraba: siku ya kupima, siku ya hati, siku ya fedha kuingia. Hati ikichukua siku 45 na wewe una mtaji wa siku 30, timu zote zitalala siku ya 31, kila mzunguko.

Mvua. Pwani ya Tanzania na Kenya masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Dodoma na kanda ya kati ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uusome kabla ya kupanga. Ukitegemea kupoteza siku 8 kati ya 26 za kazi mwezi Aprili, mwendo wa kazi za nje si siku 3 tena: 3 mara 26 gawanya kwa 18 ni siku 4.3. Na siku moja ya mvua inakula zaidi ya siku moja kwenye mtaro wa msingi: maji yatolewe, tope liondolewe, na ile tabaka ya chini iliyolainika ikatwe mpaka udongo mgumu. Anayemwaga zege juu ya tope ili kuokoa siku anaununua mpasuko wa ukuta. Kwenye udongo mweusi wa mbuga usichimbe kabisa masika ikikaribia.

Tiba nzuri kuliko zote ni kuingia masika ukiwa na nyumba nne au tano zenye paa ambazo lipu ya ndani haijaguswa. Hiyo ndiyo kazi ya siku za mvua, na waashi wengi wa boma wanaimudu lipu. Ukitumia nyumba hizo zote Februari kwa sababu "mafundi lipu wapo", Aprili huna mahali pa kumweka mtu.

Dalili: nyumba zimebaki "kidogo tu"

Asilimia 95 kwa wiki tano. Kabati halijafungwa, gebo moja (pembetatu ya ukuta chini ya paa) haijajengwa, swichi mbili hazipo, kozi za tofali za kukata juu ya choo zimeachwa wazi.

Tazama namna unavyolipa. Ukimlipa mwashi kwa tofali atajenga kuta ndefu zilizonyooka na kuacha gebo na vipande vya kukata, maana huko tofali moja inachukua muda wa tano. Lipa kwa hatua iliyokwisha: boma lote la nyumba hii, pamoja na gebo, likikubaliwa. Na mwenye kukubali awe fundi anayefuata, akiwa na karatasi yenye mistari kumi hivi: pembe mraba, uwazi wa milango kwa kipimo, usawa wa lenta, na kadhalika. Fundi bomba akikataa nyumba, haikuisha, na nukta haiwekwi.

Ukaguzi nao unaficha kusubiri. Mhandisi akija Jumanne tu, na mwendo ni nyumba kila siku 3, misingi inasubiri na kukubaliwa miwili miwili. Omba siku mbili maalumu kwa wiki.

Dalili: nyumba za kwanza zilivunja moyo, au ziliahidi mno

Nyumba ya kwanza ni ya kujifunza ramani. Kama timu inapunguza muda kwa sehemu moja ya kumi kila idadi inapoongezeka maradufu, ya kwanza ikichukua siku 10, ya pili ni 9, ya nne 8.1, ya nane 7.3, ya kumi na sita 6.6. Kwa hiyo usifukuze timu kwa nyumba ya kwanza, na usiahidi kwamba kasi itaendelea kupanda. Baada ya nyumba ya nane faida ni ndogo. Kinachofuta mafunzo hayo ni kubadilisha watu. Timu ikikaa wiki tatu bila kazi, nusu watakwenda kwingine na wapya wanaanza tena karibu na siku 10. Hii ni sababu nyingine ya kutowaita mapema.

Jumamosi, kabla ya kufunga

Nusu saa inatosha. Kila kiongozi wa timu aseme alichoahidi Jumatatu na kilichokwisha. Ahadi 10 na zilizotimia 6 ni 60 kwa 100. Andika sababu ya kila moja kati ya nne zilizoshindikana kwa maneno machache: "tofali", "mkaguzi", "mvua", "mtu hakuja". Baada ya wiki nne utaona neno moja linajirudia, na hilo ndilo la kushughulikia wiki ya tano.

Kisha hesabu nyumba zilizo katikati ya kila timu na timu. Ikiwa ni sifuri, kuna watu watakaa Jumatatu. Wapangie kazi nyingine leo. Ikiwa ni zaidi ya 4, isimamishe timu ya mbele au iisaidie ya nyuma. Mwisho linganisha akiba ya jumla na kazi iliyokwisha. Nusu ya nyumba zimekwisha na theluthi ya akiba imetumika, endelea. Theluthi ya nyumba na nusu ya akiba, chora mistari upya usiku huo kwa siku halisi za daftari, na mpelekee mwenye mradi tarehe mpya Jumatatu asubuhi, wakati bado ana nafasi ya kuchagua kati ya timu ya pili ya lipu na mwezi mmoja zaidi.